Siku moja na kupe: kutoka zizini Arumeru hadi maabara

Saa 11:30 alfajiri niko juu ya bodaboda, tunapandisha kutoka Tengeru kuelekea miteremko ya Mlima Meru. Mimi ni fundi wa maabara, tunapima dawa za mimea dhidi ya kupe wa ng'ombe. Kuwahi huku kuna sababu: kupe wa bluu jike akishashiba damu huachia ngozi na kudondoka, na wengi hudondoka asubuhi. Ukifika saa nne, uliokuwa unawahitaji wameshazama kwenye samadi.

Saa 12:15 asubuhi. "Shikamoo babu." "Marahaba daktari, karibu, ng'ombe wako tayari." Huku kila anayekuja na kibano ni daktari. Ng'ombe wa babu hawatoki bandani mwaka mzima, na bado wana kupe. Kupe hao huletwa na majani. Kiangazi nyasi hununuliwa tambarare na kupandishwa kwa pikapu, na kupe anayesubiri mnyama kwenye ncha ya jani hukatwa, hufungwa na kusafirishwa nalo.

Naanza na masikio. Ndani, karibu na manyoya, wamejibana kupe wa kahawia, wale wanaoleta ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe. Kiweleni na katikati ya mapaja ndiko waliko wa bluu: jike aliyeshiba ana rangi ya kijivu, amevimba kama punje ya mbaazi, miguu haionekani vizuri. Namshika karibu kabisa na ngozi, navuta taratibu bila kumsokota, namweka kwenye kichupa chenye pamba mbichi na kifuniko cha matundu.

Babu ana dawa yake: majani ya mti uitwao utupa, yanatwangwa, yanalowekwa usiku kucha, yanachujwa, inaongezwa sabuni kidogo, kisha ng'ombe anapakwa. Leo ana malalamiko. "Mwaka juzi ilikuwa kali. Huu wa sasa, kupe wanatembea tu juu yake." Namuuliza mbegu alitoa wapi. Ule wa zamani ulikufa, huu amepewa na mtu mwingine.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na ningependa kila mfugaji alisikie. Nguvu ya utupa inatokana na kemikali ziitwazo rotenoidi, zikiwemo rotenoni na degelini, ambazo huzuia chembe za mwili wa mdudu kutengeneza nishati. Lakini kuna utupa wa aina mbili. Mmoja una rotenoidi, mwingine hauna, na kwa macho ni vigumu kuwatofautisha. Watafiti waliochunguza mashamba ya Malawi waliandika mwaka 2012 kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wanapanda ule usio na rotenoidi, nao haukufaa kitu dhidi ya wadudu. Kwa hiyo babu anaweza kuwa anatwanga vizuri, anapima vizuri, na mti wenyewe ni mtupu. Nachuma majani ya mti wake na ya mti wa jirani yake, mifuko miwili, kila mmoja na jina.

Saa 3:00 asubuhi niko maabara. Majani yanaanikwa kivulini, kamwe si juani, kwa sababu jua huvunja kemikali nyingi za mimea. Pareto, dawa itokanayo na maua, ni mfano mzuri: inaua kupe haraka, kisha inapotea juani. Ndiyo maana Michael Elliott na wenzake kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, walihangaika hadi mwaka 1973 wakapata permethrin, kemikali ya kiwandani iliyoiga ile ya ua na kustahimili mwanga. Ndugu yake, cypermethrin, ndiyo iko kwenye majosho yetu mengi.

Saa 5:00. Kupe wa asubuhi wanapimwa uzito kwa makundi, wanazamishwa kwenye dawa dakika chache, wanafutwa, wanabandikwa kwa mgongo kwenye sahani na kuingizwa kabatini, nyuzi 27 hadi 28, unyevu mwingi. Tutasubiri kama wiki mbili kuona watataga kiasi gani. Kwa mwarobaini kipimo hiki ni cha lazima. Kemikali yake, azadirakitini, iliyojaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, haiui papo hapo. Inavuruga kujivua gamba na utagaji. Mfugaji akimwona kupe bado anapumua kesho yake anasema dawa ni ya uongo, kumbe mayai hayatakuja kama kawaida.

Makande, chai, narudi.

Saa 8:00 mchana nafungua pakiti za jana. Hizi ni karatasi zilizolowekwa dawa, zikakauka, zikakunjwa, wakawekwa ndani watoto wa kupe wenye miguu sita, wadogo kama vumbi. Baada ya saa 24 nawapulizia pumzi: walio hai huchangamka wakidhani mnyama amefika. Nahesabu kwanza pakiti iliyolowekwa spiriti peke yake, bila dawa. Humo wakiwa wamekufa wengi, siku nzima imeharibika. Leo wanakimbia vizuri. Pakiti za utupa wa mti mmoja wamejikunja, hawatingishiki. Za mti mwingine wa boma hilohilo wanatembea. Nashukuru kila ninapoliona hili, kwa sababu hapo ushauri kwa mfugaji unakuwa rahisi: panda mbegu za ule, ng'oa huu.

Saa 10:30 naosha vyombo. Mabaki ya utupa hayaendi mferejini hata tone, maana rotenoni inaua samaki.

Saa 12:40 jioni simu inaita. Ni mama mmoja mfugaji. "Mwanangu, ndama ana homa, tezi chini ya sikio imevimba, anapumua kwa shida. Nimpake majani zaidi?" Hapana, mama. Hiyo ni dalili ya ndigana kali, vimelea vimeshaingia damuni, na hakuna cha kupaka kitakachovifuata huko. Mwite daktari wa mifugo usiku huuhuu. Sindano ya buparvakwoni husaidia ikiwahi.

Saa 2:30 usiku anapiga tena, ndama amechomwa. Ana ndama wengine wawili wazima. Nimemwomba awaandikishe kwa daktari huyohuyo wapate chanjo ya ndigana, ile inayotolewa mara moja pamoja na antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, na amekubali.