Kazi zetu za karibuni, na vitu vinavyotupa mzuka

Watu wananiuliza mbona kimya siku hizi, tupo jamani, tupo palepale Sinza na ile feni yetu inayopiga kelele, kazi zipo ila studio ya dizaini ya watu wachache ndo ilivyo, ukishika kazi moja vizuri zingine zinakaa foleni na kupost ndo unasahau kabisa. Leo mteja kachelewa kuleta maandishi yake kwahiyo nina nafasi ya kupiga stori.

Kazi niliyoipenda kuliko zote mwaka huu ni khanga. Kuna kikundi cha vikoba cha kina mama walitaka khanga yao ya sherehe, mwenyekiti wao ni mama mmoja mkali hatari lakini anajua anachotaka, akaja na picha kwenye simu, mawaridi yale yenye vivuli, pinki inayeyukia kwenye zambarau huko. Nikamwambia, "mama yangu, hii kwenye kitambaa haitoki hivi." Khanga hizi zinachapwa kila rangi na skrini yake, yaani ule wavu wa kupitishia rangi, ukiongeza rangi umeongeza skrini na umeongeza bei, na hiyo ya rangi kuyeyukia rangi nyingine sahau, ukitaka kivuli unakipata kwa vidoti au kwa mistari myembamba, basi. Tukakubaliana nyekundu, nyeusi, na weupe wa kitambaa wenyewe. Alinuna kidogo. Nilivyomuonyesha ua la mkorosho lililochorwa kwa mistari tu (wengi wao ni watu wa Mtwara na Lindi) akakaa kimya muda halafu akasema "haya, endelea mwanangu."

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakiangalii ni pindo, ule mchoro wa ukingoni unaozunguka khanga yote. Ukimwambia dizaina chipukizi achore khanga anakimbilia mji, pale katikati, anajaza madoido, pindo anaweka vinyota anamaliza, wakati mtu akishajifunga pindo ndo linalopita mbele yake lote na mji umejikunja huko hauonekani hata nusu. Na pindo shughuli yake iko kwenye kona! Mchoro unatembea vizuri upande mrefu, unatembea vizuri upande mfupi, vikikutana pale pembeni vinagongana, ua moja linakatwa kichwa. Njia ya mkato ni kuchora kona peke yake kama mchoro wake unaojitegemea, halafu ndo unavuta pande mbili kutokea pale, hesabu ya marudio unaipanga iishie sawa. Tulikesha na ile kona.

Halafu jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye khanga. Kamati ilibishana kuhusu jina kuliko rangi, bajeti na kila kitu, na mimi nilikaa pembeni maana hapo hupewi nafasi, ila nilichowaomba ni kwamba liwe fupi. Khanga upana wake ni kama mita moja na nusu, jina likiwa refu herufi zinakuwa ndogo, na jina la khanga halisomwi na aliyevaa, linasomwa na anayetembea nyuma yake. Kama hawezi kusoma kutoka hatua kadhaa kijembe hakijafika. Mwisho likapita TULIANZA NA SENTI WAKACHEKA, ambalo naona kabisa kuna mtu analengwa ila sikuuliza.

Wakati wa hiyo kazi nikawa nazunguka kuangalia khanga za zamani za watu. Zamani majina yalikuwa yanaandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kirumi zimekuja baadaye, na ukiona zile za zamani utashangaa jinsi maandishi yalivyokaa na mchoro kwa amani, hayajabandikwa tu juu. Alafu kuna zile za Mombasa, za Kaderdina Hajee Essak wa mtaa wa Biashara, duka la tangu 1887, pembeni kwenye ukingo wa kitambaa kuna maandishi madogo, Mali ya Abdulla. Hayo tu. Hakuna nembo kubwa katikati, hakuna kelele, na bado mama yeyote wa pwani anakwambia hii ni Abdulla kabla hujamfungulia. Kila mteja anayeniambia "ongeza logo iwe kubwa" natamani nimpeleke pale.

Kazi ya pili ni lebo ya asali ya Tabora. Huyu kaka alikuja akiwa na hasira, alishatengenezewa lebo sehemu nyingine, nzuri tu kwa macho, akapeleka mzigo supamaketi, skana ya pale kaunta haisomi, mzigo ukarudi. Kuangalia, bakodi imechapwa nyekundu iendane na rangi ya lebo. Jamani, skana nyingi za madukani zinamulika kwa mwanga mwekundu, kwahiyo mistari myekundu kwake ni sawa na nyeupe, haoni kitu. Kahawia nayo ni kamari. Weka nyeusi juu ya nyeupe, acha nafasi tupu kushoto na kulia, na kama chupa ni ndogo ya mviringo ilaze bakodi mistari ikae kama ngazi, maana ukiisimamisha ule mviringo unabana mistari ya pembeni. Sasa hivi bakodi yake, inayoanza na ile 620 ya Tanzania, inasoma bila shida.

Kitu kingine kidogo, tulimuachia kipande cheupe kisicho na laminesheni kwa ajili ya kugonga tarehe, kwa sababu muhuri ukiugonga kwenye plastiki inayoteleza wino unafutika na kidole na mteja wako anabaki na asali isiyo na tarehe. Kwenye mchoro nilikataa masega na nyuki anayecheka. Kila asali nchi hii ina nyuki anayecheka! Tukachora mzinga wa gogo umening'inia kwenye mti wa miombo, mstari mmoja mnene, chupa iko wazi asali yenyewe ndo inatoa rangi.

Kazi ya tatu ni geti la chekechea, na hii tulifanya na mzee mmoja mchora mabango ambaye hajawahi kugusa kompyuta na wala hana mpango nayo. Mimi nilipeleka mchoro wenye rangi kibao, akauangalia, akauliza "rangi ya mafuta hii unaipata wapi?" Akafungua makopo yake, akanionyesha zilizopo. Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki 1972, miaka minne tu ya kazi na mpaka leo jina lake limekuwa mtindo mzima. Ule mng'ao wa picha za Tingatinga unatoka kwenye kopo lile. Basi tukachora upya kwa rangi zilizokuwepo, mzee akapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, paa, akaanza herufi kwa mkono mtupu na nafasi kati ya herufi zimekaa kuliko za kwangu za kompyuta, inauma ila ndo ukweli.

Kadi za harusi zipo kama kawaida, sitazielezea, tofauti ni kwamba sasa kila kamati inataka ya kidijitali ya kuskani mlangoni halafu wiki ya mwisho wanakumbuka wazee wanataka ya karatasi.

Ombi moja. Kama kwenu kuna khanga ya zamani, hasa ya herufi za Kiarabu, au bango la duka lililochorwa kwa mkono ambalo halijafunikwa na flexi (yale mabango ya plastiki ya kuprinti) bado, nipigie picha. Itandike kivulini penye mwanga, usisimame juu yake, na kwenye wasap nitumie kama dokyumenti tafadhali, sio picha, maana ikifika kama picha imeshakamuliwa yote na pindo silioni.