Wino wa jikoni kwa kaligrafia: chai na kutu, kahawa, masizi

Kimiminika chenye rangi bado si wino. Kamua bitiruti, chovya nibu, ile ncha ya kalamu, na tone lote litashuka mara moja, litatambaa kwenye nyuzi za karatasi, na likikaa dirishani wiki chache litabaki doa la hudhurungi. Wino una kazi nne: kutia rangi, kushika karatasi, kuteremka kwenye nibu polepole, na kukaa chupani bila kuoza. Kazi ya kwanza karibu kila kitu cha jikoni kinaiweza. Hizo tatu nyingine ndizo zinazoharibu kazi za watu, na ndizo nitakazozisemea zaidi.

Tuanze na gundi, maana bila hiyo hakuna kushika. Inayotakiwa ni ya mgunga, gamu arabika, ile inayovunwa kwenye kaunti kavu za Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir na Mandera. Kwa Nairobi, itafute Eastleigh kwa wauza ubani. Huwa ni mabonge magumu yenye rangi ya asali. Uangalie sana hapo, kwa sababu ubani na manemane hufanana nayo kwa macho. Tia punje moja kwenye maji ya uvuguvugu uiache usiku kucha. Gamu arabika halisi huyeyuka yote na kuacha maji mazito yasiyo na harufu ya kusema. Ubani hugeuza maji kuwa meupe kama maziwa, huacha vipande, na chumba kizima kitanukia. Ukishapata yenyewe, ponda gramu 10, zimwagie mililita 20 za maji ya moto, ziache mpaka kesho yake, koroga, kisha chuja kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni. Tia karafuu mbili za kuzuia ukungu na uweke friji. Kila nikitaja gundi hapa chini ninasema hii ya maji.

Na maji yenyewe? Mitaa mingi hapa hutumia maji ya chumvi ya visima virefu. Kwa kufua sawa, kwa wino hapana: chumvi hula nibu, na magadi yaliyomo hubadilisha rangi za maua. Tumia ya mvua au ya kunywa ya chupa.

Kahawa ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua vijiko viwili vya chai vya kahawa ya unga inayoyeyuka, maji ya moto kijiko kimoja kikubwa, gundi robo ya kijiko cha chai. Koroga, acha ipoe, andika. Inatoa hudhurungi nzuri yenye vivuli, mwanzo wa herufi mwepesi na mwisho mzito, na kwa anayejifunza hakuna wino bora wa mazoezi. Lazima iwe kahawa tupu. Paketi zilizochanganywa maziwa na sukari hazifai hata kidogo: mafuta ya maziwa huziba mpasuko wa nibu, na sukari huvuta unyevu wa hewa hivyo maandishi hayakauki kabisa. Mwezi wa Julai, baridi ikishika jiji, karatasi ya namna hiyo itagandana na mwenzake, na sisimizi watakuja kuisoma kabla yako. Kahawa tupu nayo ikizidishwa hunata, kwa hiyo ukiona mstari unang'aa kama umepakwa vanishi, ongeza maji matone matatu manne.

Wino wa kudumu ni wa chai na chuma. Huu una ukoo mkubwa: kwa karne nyingi Ulaya iliandika vitabu na mikataba yake kwa wino wa uvimbe wa mti wa mwaloni uliochanganywa na chumvi ya chuma. Kilichokuwa kikifanya kazi kwenye uvimbe ule ni tanini, ule ukali unaokausha ulimi, na tanini sisi tunayo tele kwenye majani ya chai. Majani yetu ya chembechembe yanafaa sana, kwa kuwa yamesagwa madogo na hutoa ukali wake upesi.

Sehemu ya chuma itangulie, maana inataka siku kadhaa. Tafuta nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu. Zisizoshika kutu hazitakupa chochote, na sumaku si kipimo cha kutegemea. Ziloweshe kidogo, ziache kwenye kisahani usiku mmoja, uone kama zitageuka rangi. Osha bonge la ukubwa wa yai kwa sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke, litie kwenye chupa ya kioo, mimina mililita 100 za siki nyeupe. Usikaze kifuniko. Siki ikila chuma hutoa gesi ya haidrojeni, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo iweke mbali na jiko. Baada ya siku tano hadi saba chuja kwa kitambaa cha pamba.

Halafu chai. Vijiko vinne vikubwa vya majani kwenye mililita 250 za maji, bila maziwa, bila sukari, bila tangawizi. Chemsha kwa moto mdogo dakika 20, acha ipoe na majani yake, chuja mara mbili, rudisha motoni mpaka ibaki kama mililita 100. Chai kali namna hii ikipoa hupoteza uangavu wake na kuwa na utusitusi. Ndivyo ilivyo, koroga tu.

Sasa pima vijiko vitatu vikubwa vya chai hiyo, gundi kijiko kimoja cha chai, kisha anza kutia maji ya chuma kidogo kidogo. Yatageuka kijivu, halafu meusi, papo hapo. Kijiko kimoja cha chai cha chuma kwa kawaida kinatosha. Usihukumu rangi ikiwa mbichi, kwa sababu hewa ndiyo inayomalizia kazi: chuma huendelea kuungana na oksijeni juu ya karatasi, na mstari uliokuwa kijivu asubuhi huwa mweusi kesho yake. Anayesahau hili huongeza chuma, kisha akaongeza tena. Matokeo yake ni mwanga wa rangi ya machungwa pembeni mwa kila herufi, na baadaye karatasi inayovunjika palipoandikwa. Ukiona hivyo, ongeza chai, usiongeze maji.

Wino huu ni mchachu. Siki yake hupungua kwa kuruka na hewa, jambo linaloufanya mpole kuliko ule wa kale uliotumia salfeti ya chuma, lakini bado utakula nibu ukikaukia juu yake. Na kamwe usiutie kwenye kalamu ya kujazwa wino. Mashapo yataziba njia na kalamu itakuwa imekwisha.

Weusi usiojua jua wala miaka unatoka kwa masizi. Ni kaboni tupu, na kaboni haipauki. Washa koroboi ya mafuta ya taa mahali penye upepo wa kupita, utambi uwe mrefu kidogo utoe moshi, inamisha sahani ya bati juu yake, kila baada ya muda kwangua kwa manyoya au kadi. Masizi ya sufuria za kuni sipendi: yana lami na mchanga, na mchanga mmoja chini ya nibu unaharibu ukurasa. Mkaa uliosagwa nao hutoa kijivu chenye punje, hata ukiusaga mchana kutwa.

Masizi hayapendi maji. Yataelea juu na kukucheka. Yaloweshe kwanza kwa matone machache ya spiriti ya duka la dawa mpaka yawe tope. Kwa kijiko kimoja cha chai cha masizi yaliyoshindiliwa tia kijiko kimoja cha gundi, kisha saga juu ya kipande cha kioo au mgongo wa sahani kwa kitako cha chupa. Dakika 30, si tano. Usagaji ndio wino wenyewe: gundi inatakiwa izunguke kila chembe, la sivyo zitashikana na kuzama. Ukipitisha kidole kwenye uji ule usisikie ukwaruzo wowote, ongeza maji kijiko kimoja kimoja cha chai mpaka uteremke vizuri. Andika mstari, ukikauka usugue kwa kidole. Ukitoka, gundi haitoshi. Ukipasuka na kung'aa, imezidi. Tikisa chupa kila mara kabla ya kuchovya.

Rangi za mimea nazisemea kwa ufupi kwa sababu hazidumu, ingawa uzuri wake siukatai. Manjano ya unga hayayeyuki kwenye maji, yanayeyuka kwenye spiriti, na jua huyafuta kwa siku chache. Bitiruti usiichemshe sana, moto huigeuza kahawia. Nusu kijiko cha chai cha siki kwa vijiko vitatu vikubwa vya juisi huilinda kidogo. Rozela ndiyo ya ajabu. Chemsha nusu kikombe cha maua makavu kwenye kikombe cha maji hadi ibaki robo, utapata wekundu wa damu, lakini ukiandika kwenye karatasi ya fotokopi utakauka zambarau au samawati ya kijivu. Karatasi nyingi za siku hizi zina chokaa ndani, na rangi ya rozela hubadilika ikikutana na kitu kisicho kichachu. Tone la ndimu huurudisha wekundu. Chembe ya magadi huusukuma kwenye samawati na hata kijani.

Pwani kuna wino wa jikoni ulio na adabu yake: zafarani iliyolowekwa kwenye marashi, ambayo huandikia kombe, yaani aya za Kurani za tiba, kwenye sahani nyeupe, kisha maandishi huoshwa na maji yake yakanywewa. Kwa kuwa unanywewa, ndani yake hakiingii chuma, spiriti wala masizi ya mafuta ya taa. Mapishi yote niliyotoa hapa ni ya karatasi, hayafai kwa kombe. Andika jina kwenye kila chupa na uziweke mbali na watoto. Wino wa chai unafanana mno na kinywaji.

Wino wowote wa nyumbani ukitambaa, mara nyingi kosa ni la karatasi. Ya gramu 80 ya fotokopi hunyonya kama kitambaa. Pika kijiko kimoja cha chai cha unga wa wanga wa mahindi kwenye kikombe cha maji mpaka uwe uji mwepesi unaopitisha mwanga, tia chembe ya shabu, paka pande zote mbili kwa brashi pana, anika, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko cha chuma hadi iteleze. Herufi nyembamba zitasimama.

Nibu mpya ina mafuta ya kuizuia kutu, ndiyo maana wino hujikusanya matone juu yake. Isugue kwa dawa ya meno na mswaki mzee, isuuze, ikaushe. Kwa khati ya Kiarabu kalamu ya tete ni bora, na haishiki kutu. Ndani ya kidau tia bonge dogo la nyuzi za hariri, au soksi ya nailoni, lilowe wino. Kalamu ikiligusa hubeba kiasi chake tu. Kila baada ya mistari michache chovya nibu ya chuma kwenye maji na uifute, na ukimaliza wino wa chai ioshe kwa maji yenye chembe ya magadi ili uchachu ukatike, uisuuze tena kwa maji matupu na kuikausha kabisa kabla ya kuiweka.