Homa ya mzee wa Simanjiro

Mzee alikuja na mwanawe na mfuko wa nailoni uliojaa vyeti vya zahanati. Malaria, akapewa mseto. Taifodi, akapewa siprofloksasini. Malaria tena, ingawa kipimo cha haraka kilisoma hasi. Enzi hizo nilikuwa tabibu katika kituo cha afya huko Simanjiro, na mtu mwenye homa asipoandikiwa malaria aliandikiwa taifodi.

Alikuwa amekonda hata lubega lilimpwaya. Homa ilipanda jioni, usiku analoa jasho. Mgongo na nyonga vilimuuma, kukaa kitini ilikuwa kazi.

"Mzee, mbuzi wamezaa vizuri mwaka huu?"

Kijana akataka kutafsiri, baba yake akamtangulia: wengi walitupa mimba. Nani aliwazalisha? Yeye, kwa mikono mitupu. Na maziwa? Akanitazama kama mtoto aliyeuliza upuuzi. Mabichi, bila shaka.

Maabara walichanganya tone la seramu na tone la waridi la Rose Bengal, kipimo cha brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kwa mifugo na maziwa mabichi, wakatikisa kigae kwa dakika 4. Vikatokea vichengachenga, yaani chanya. Sikushangilia. Mfugaji aliyeugua zamani akapona anaweza kusoma chanya pia. Nilichoamini ni kipimo pamoja na wale mbuzi na ile nyonga.

Kilichoninyima raha ni TB ya uti wa mgongo, kwani maumivu na jasho ni yaleyale. Rifampisini hutibu brusela na TB pia, na ukimpa mwenye TB bila dawa zake kamili, unamtengenezea usugu. Nikaagiza makohozi na picha ya mgongo. Havikuonyesha TB. Hata hivyo rifampisini niliiacha, nikampa doksisaiklini 100 mg mara mbili kwa siku kwa wiki 6, na gentamisini ya sindano wiki ya kwanza.

Homa ilipokata, akarudi kutaka ruhusa ya kuacha vidonge.

"Daktari, nimepona. Vya nini tena?"

Nikamweleza kwamba vijidudu hivi hujificha ndani ya seli, kwenye bandama na uboho, na anayekatisha dozi huugua upya. Akaguna, akakubali kumeza. Kuchemsha maziwa akakataa katakata, eti yanaharibika ladha.

Aliyekubali ni mke wake mdogo, tena kwa sharti: apimwe na yeye, maana mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu masika.