Jiko la kopo, toleo la 3: siku ya kukaa tu Magamba

Leo hatukwenda popote, tumebaki hemani kando ya msitu wa Magamba, milima ya Usambara, Lushoto. Juzi tulipanda kutoka Tanga, tukaiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kona za Soni huku mtoto wa mwisho akishikilia mfuko wa kutapikia. Jana tulitembea hadi Irente kutazama Mombo na mashamba ya mkonge kule chini. Kwa hiyo leo ilipangwa iwe mkeka, chai na kuangalia ukungu ukiingia na kutoka msituni. Mke wangu aliweka sharti moja: siku ya mapumziko hakuna mtu kushika bisibisi. Bisibisi sikuishika. Nilishika msumari na jiwe, nikamalizia matundu yaliyobaki ya jiko langu la kopo.

Toleo la 2 lilikuwa na matundu 12 juu, na lilitufukiza mpaka jirani yetu mjini akauliza kama tunachoma taka. Hili lina 24. Kopo la nje ni la rangi, lita 4, nililichoma uwanjani hadi mabaki ya rangi yakaisha kabisa kabla halijakaribia chakula. La ndani ni la maziwa ya unga. Hewa inaingia kwenye matundu ya chini ya kopo la nje, inapanda katikati ya makopo mawili huku ikipata moto, kisha inatokea kwenye matundu ya juu ya kopo la ndani. Hapo ndipo moshi unapokutana nayo na kuwaka. Ndiyo maana vijiti vinasimamishwa wima na moto unawashwa juu, kama mshumaa. Ukiwashia chini kama mafiga, umeharibu.

Vijiti tumenunua, fungu zima, kwa mama mmoja aliyepita na mzigo kichwani. Vya msituni hatugusi, ni hifadhi.

Jaribio la kwanza, chai: lita moja ya maji, dakika 11 hadi kuchemka, binti yangu akishika saa ya simu kama mwamuzi. Moshi ulitoka dakika mbili za mwanzo tu, halafu miale midogo ikajipanga kwenye matundu yote, duara kamili, rangi ya chungwa na buluu kidogo. Niliwaita wote waje waone. Walikuja wawili.

Hapo ningetosheka. Lakini nilishika kichwa ngumu, saa nne na nusu nikabandika maharage.

Kopo likijaa linawaka dakika 25 hivi, basi. Ukiongeza vijiti juu ya makaa, moshi unarudi kama toleo la 2. Nililijaza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto walishahama upande wa pili wa hema, wakimwangalia kinyonga aliyepanda kamba yetu ya kufungia. Kila hatua alijipima mara tatu kabla ya kukanyaga. Juu ya miti mbega walikuwa wakirukaruka, mikia meupe ikining'inia. Mimi nilikuwa napuliza kopo.

Saa saba nilionja. Bado magumu kabisa.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka muda wote, anamenya pea kwa kisu, hasemi kitu. Sasa akauliza, "Baba, haya maharage uliyaloweka?"

Nikanyamaza.

"Haya. Lete sufuria."

Alipanga mawe matatu, akawasha kuni nene, akafunika sufuria na kuweka jiwe juu ya mfuniko mvuke usiponyoke ovyo. Nilijitetea kidogo kwa kipimajoto cha jikoni: hapa juu, zaidi ya mita 1,700, maji yalichemka kwenye nyuzi 94 na kidogo, wakati kwetu pwani ni 100. Yanatokota vilevile ukiyaangalia, lakini joto ni dogo, maharage yanachelewa. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema basi ndiyo ilikuwa sababu zaidi ya kuyaloweka.

Tulikula saa kumi na robo, maharage na ugali, kila mtu ndani ya sweta. Yalikuwa matamu, sina la kusema.

Kwenye daftari nimeandika hivi: jiko hili ni la chai, uji na mayai, kitu kinachoisha ndani ya mjazo mmoja. Nilifikiria kutoboa mlango ubavuni wa kuongezea vijiti, lakini hewa itapita mlangoni na matundu ya juu yatakufa njaa. Sitoboi. Toleo la 4 litapata miguu mizito zaidi, maana hili linayumba sufuria ikijaa, na kishikio cha waya. Leo nimeungua kidole gumba.

Maharage ya kesho yameshalowekwa. Sikuambiwa niyaloweke mimi.