Jioni ya simu na wazazi pale shuleni

Watu wananiuliza sana ile shughuli ya shule iliendaje, na kila mtu nikimwelezea naongeza kitu au nasahau kitu, wacha niandike hapa mara moja yaishe.

Kwa wasiojua, mi nina kisteshenari changu karibu na shule moja ya msingi huku Mbagala. Fotokopi, kuprinti, kujazia watu maombi ya cheti cha kuzaliwa RITA, maombi ya ajira, mambo ya NIDA, ndo kazi zangu. Kwa hiyo wazazi wengi nawajua na simu zao nazijua kuliko wanavyozijua wenyewe. Kamati ya shule walivyopata wazo la jioni ya teknolojia ya familia, yaani mzazi na mtoto wake wanakuja pamoja wanakaa benchi moja, jina langu likapitishwa kikaoni na mi hata sipo kikaoni.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kupata siku. Ijumaa hapana, Jumamosi kuna Wasabato na pia ndo siku ya makitchen party na maharusi, Jumapili asubuhi kanisani mchana vikoba. Tukaishia Jumapili saa tisa na nusu, kina mama wa kikoba kimoja wakakubali kusogeza kikao chao, na tukaahidi kabla ya Magharibi kila mtu yuko kwake maana hakuna mama atakayekaa kuangalia projekta wakati mboga haijabandikwa. Hela ndo usiseme. Toka elimu bila ada ianze 2016 mwalimu mkuu hataki hata kulisikia neno mchango likitoka mdomoni mwa mtu wa kamati, na namwelewa, likimfika mtu wa wilaya limeshageuka jambo lingine. Kwa hiyo kila kitu cha kuazima: projekta ya MC mmoja wa mtaani, ekstensheni za fundi redio, umeme mjumbe mmoja wa kamati akanunua wa LUKU kwa hela yake, na mama anayeuza mihogo nje ya geti akaambiwa aingie ndani auzie humohumo. Akauza akamaliza mapema kuliko siku zote, yeye ndo aliondoka ana furaha kuliko wote.

Sasa mpango wa walimu ulikuwa watoto waonyeshe Scratch kwenye zile kompyuta za msaada zinazowaka. Kama huijui, ni ile programu ya watoto iliyotengenezwa MIT kule Marekani, imetoka 2007, mtoto anapanga vipande vya rangi kama anaunga matofali na paka kwenye skrini anafanya alichoambiwa. Ina Kiswahili na kompyuta haihitaji intaneti ukishaiweka, ndo uzuri wake kwetu sisi. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa amempangia paka amuulize bibi yake "Umekula?" na ukiandika hapana paka anajibu "Njoo nyumbani". Bibi akaandika hapana mara sijui ngapi, kwa kidole kimoja, kila paka akijibu anacheka upya. Ile meza ilijaa.

Ila nisiwadanganye, wazazi wengi walisimama pale dakika chache, wakapiga makofi, wakaja upande wangu na simu zao mkononi. Na mi nilikuwa nimewaambia walimu kabla, kompyuta ya shule mzazi haendi nayo nyumbani, kitu kilichopo nyumbani ni simu na ndo mtoto anachoshika akitoka shule. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni kwa hiyo tuliandika kwenye barua kabisa kwamba simu aje nayo mzazi, hata hivyo mwalimu wa nidhamu alisimama getini anamkazia macho kila mtoto mwenye mfuko umevimba.

Nilianza kwa kuwauliza watoto, nani anajua namba ya siri ya simu ya mama? Mikono ikapanda yote. Nani anajua na ile ya kutolea hela? Mikono ikashuka kidogo, lakini wengine wakaiacha juu, na we ungeona mama zao walivyogeuka! Baba mmoja akasema basi leo nimejua salio langu linapungua na nani. Pale nikajua hapa hatuhitaji hotuba.

Tukaenda kwenye meseji za kitapeli. Nilichukua ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nikaanza kuisoma, ukumbi mzima ukaimalizia kama wimbo wa taifa, hakuna ambaye haijamfikia. Lakini nilivyouliza wangapi wanajua kwamba TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wana namba 15040 ya kuripotia, kimya. Tukaripoti pamoja, watoto ndo wanachapa, wazazi wanasoma namba. Halafu tukapiga *106# kila mtu na simu yake, kitochi na simujanja zote inakubali, kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Jamani. Mzee mmoja akakuta namba ambazo hajawahi kuziona maisha yake, na mara moja akakumbuka kuna siku alisajili laini kwa kijana wa mwamvuli barabarani akaambiwa kidole hakijasoma rudia tena, akarudia, akarudia. Watu kama watatu wakasema hata mi niliambiwa hivyohivyo. Nadhani hii peke yake ilitosha kuita watu, ningejua ningeiweka kwenye barua kwa herufi kubwa.

WhatsApp tuliweka ule uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya tarakimu sita. Hapa ilienda taratibu maana kina mama wengi hawakumbuki imeili yao, walifunguliwa na muuza simu siku wananunua. Tukawafungulia wengine upya, daftari la mtoto ukurasa wa mwisho tukaandika. Wataalamu watasema usiandike nywila kwenye karatasi, sawa, waje Mbagala wakae na mimi dukani wiki moja.

Kijana mmoja anayesoma DIT, chuo cha teknolojia hapa Dar, alituletea kikompyuta kidogo cha kiganjani, Raspberry Pi, kina Kolibri ndani, yaani programu ya masomo isiyohitaji intaneti. Hiki kitu nakipenda sana. Kinarusha waifai yake chenyewe, simu inaunganisha, mtoto anafungua masomo na katuni za Ubongo Kids bila bando hata shilingi. Wazazi hawakuamini, mmoja alizima data kabisa akarudi kuangalia kama bado inacheza. Ikacheza. Swali lililofuata likawa kinauzwa wapi na je shule itakiacha wazi Jumamosi, na mwalimu mkuu akasema atalifikiria, kwa sauti ile ya kulifikiria.

Ilivyokaribia saa kumi na mbili tukauliza, tukikutana mara nyingine wanataka mada gani. Mi nilitegemea waseme michezo ya watoto au TikTok. Wakasema mikopo ya mtandaoni. Unakopa elfu ishirini kwenye aplikesheni, ukichelewa wanatuma meseji kwa kila mtu aliyeko kwenye simu yako, mpaka mwalimu wa mtoto anajua. Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ambayo hayana leseni Novemba 2024, lakini mama aliyeko na shida ya dawa saa mbili usiku hana habari na orodha. Mwalimu mmoja akasema hiyo sio mada ya watoto. Mama mmoja akamjibu, wakinipigia akipokea mtoto je?

Kwa hiyo mada ndo hiyo, baada ya mitihani. Natafuta mtu wa benki au wa sheria anayeweza kuongea Kiswahili cha kawaida bila slaidi, na kama MC ataazimisha projekta tena sawa, asipoazimisha tutaandika ubaoni.