Taulo Chini ya Goti

Nimetoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kisumu alasiri hii, na ningependa kuwasimulia kabla sijainjika chai.

Wengi wenu mnajua jinsi baridi yabisi ya goti la kulia ilivyonisumbua tangu mvua za masika, hata kuinama kuchagua omena sokoni Kibuye kukawa kazi.

Leo mtaalamu aliweka taulo lililokunjwa chini ya goti, akaniambia nilikandamize kwa kukaza msuli wa paja, nihesabu hadi 5, kisha nilegeze.

Nilitarajia mashine, kumbe ni taulo tu!

Alinieleza kwamba gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, likishalika halirudi kuwa kama zamani, lakini paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Kilichonigusa ni kuuhisi msuli huo ukitetemeka chini ya kiganja changu, mwembamba kuliko wa mguu wa kushoto, kwa kuwa maumivu yalikuwa yameunyima kazi kwa muda mrefu.

Asubuhi goti likikakamaa nitalikanda kwa kitambaa cha maji moto, na likivimba nitaliwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.

Ndugu zangu mnaoishi na hali hii, ninyi hufanya mazoezi wakati gani, alfajiri au jioni?