Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandaa Piti ya Mayai ya Samaki, Malindi

Saa 11 alfajiri naanza na maji, maana yakikosewa hapo hakuna kitakachonyooka siku nzima. Visima vingi vya mjini Malindi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yamejaa chokaa na mara nyingi yana chumvi. Piti, kitu kama udongo ninachowawekea samaki watagie mayai, ikisuuzwa kwa maji hayo hunyonya chokaa na kupoteza uchachu wake, na uchachu huo ndio unaowabana ukungu na bakteria wasiyale mayai. Nateka maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye tangi, lita 60 kwa siku ya kazi. Yakiisha, natumia ya mfereji yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke.

Wapita njia wakiona sufuria yenye udongo mweusi ndani ikichemka hudhani ni dawa ya mitishamba. Piti ni mabaki ya sfagnamu, mmea mdogo wa vinamasi vya nchi za baridi kama Ayalandi, Kanada na Estonia. Mmea ukifa haufikii kuoza sawasawa, kwa sababu maji pale hayana hewa na yana uchachu. Kinamasi cha namna hiyo hukua kama milimita 1 tu kwa mwaka, na ndiyo maana sitaki kuona hata konzi moja ikimwagwa bure.

Samaki wenyewe si wa mbali. Nothobranchius jubbi ni wa madimbwi ya mvua ya mwambao huu wetu. Masika au vuli ikijaza dimbwi, wanaanguliwa, wanakua kwa wiki chache, wanataga matopeni. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, mayai yakabaki ardhini kungoja mvua nyingine. Wafugaji wa dunia huwaita kilifishi, jina lisilohusiana kabisa na Kilifi yetu. Asili yake ni neno la Kiholanzi, kil, maana yake mkondo wa maji. Tangini tunawawekea piti badala ya tope la dimbwi, kwa sababu tope huganda kama tofali, halikamuliki, na huja na wadudu wanaokula watoto wa samaki.

Saa 1 asubuhi ni kuchagua, na hapa sina haraka. Gunia jipya nalifungua nje. Nataka piti ya rangi ya hudhurungi, yenye nyuzi fupi, inayonukia kama ardhi baada ya mvua. Ile nyeusi tititi ni ya tabaka la chini kabisa. Ukiichemsha inakuwa uji, ule unga wake unaziba matamvua ya samaki na kuyafunika mayai yasipate hewa. Ile yenye nyuzi ndefu nayo ina taabu yake: mayai hujinasa ndani na hutayaona unapoyatafuta. Chembe nyeupe au za rangi maana yake imechanganywa mbolea kwa ajili ya miche. Nyingi ya piti ya bustani pia hutiwa chokaa, na chokaa huioni kwa macho. Natia konzi moja ndani ya kikombe cha maji ya mvua, nalaza usiku, asubuhi napima. Piti safi huwa kati ya pH 3.5 na 4.5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali). Ikisoma 6, imetiwa chokaa. Kipimo cha chumvi nacho kikiruka juu kuliko yalivyokuwa maji yenyewe, kuna mbolea. Gunia hilo linakwenda kwenye mikungumanga na mipapai, haliingii tangini hata kwa bei ya bure.

Saa 2 nachekecha. Chekecheke la matundu makubwa kwanza, kuondoa vijiti. Kisha laini, kuondoa vumbi. Ninachobakisha ni cha kati.

Saa 3 motoni. Lita 2 za piti kavu kwa lita 6 za maji, dakika 30 za kuchemka kweli, si kufuka mvuke tu. Kuchemsha kunatoa hewa iliyojificha kwenye nyuzi. Bila hivyo piti itaelea siku nyingi na samaki hawana pa kuzamia. Pia kunaua mayai ya konokono na minyoo. Sufuria iwe ya enameli au chuma kisichoshika kutu. Ya alumini siitaki, uchachu wa piti unaila. Ikipoa, nasuuza mara tatu nne mpaka maji yatoke rangi ya chai hafifu. Si lazima yawe meupe. Wengine husuuza hadi piti inakuwa kama makapi, wakaondoa hata kile kilichowafanya wainunue.

Saa 5 hadi saa 8 ni makumbi, na hapo ndipo mgongo unaponiuma. Piti ya ng'ambo ni ghali, kwa hiyo nachanganya na unga wa makumbi ya nazi, sehemu moja ya piti kwa moja ya makumbi, kwa matangi ya kuzalishia. Nazi tunazo, na unga wa makumbi unashika unyevu karibu sawa na piti. Shida ni kwamba makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye matope ya bahari miezi kadhaa ili nyuzi zilainike, na unga wake umeshiba chumvi. Chumvi hiyo haitoki kwa suuza moja. Natia ndani ya karai, nafunika kwa maji, nakanda kwa mikono, naacha dakika 20, nakamua kwa kifumbu, namwaga, naanza tena. Mara ya kwanza maji yanatoka mekundu kama damu ya mzee. Mara ya tatu bado. Kwa kawaida ni mara 6 au 7, na kila mara napima maji yaliyotoka nayalinganisha na yaliyoingia. Nasimama pale vipimo vinapokaribiana, si pale mikono inapochoka. Makumbi mabichi yasiyofukiwa yana chumvi kidogo, lakini yana maji makali ya rangi, kwa hiyo hayo nayachemsha mara mbili. Kifumbu cha ukindu kinafanya kazi kuliko kitambaa: kitambaa huziba upesi, na kukamua kunakuwa vita.

Katikati ya kukamua akaja mteja na kikopo chake. "Ami, mayai yako mabovu. Nimeyatia maji, hakuna hata mmoja." Nikanawa mikono, nikafungua. Piti ilikuwa inameta. Nikaifinya, tone likaanguka. "Mwanangu, uliongeza maji hata kabla ya hapo?" Aliongeza, kila Ijumaa, akiogopa yasikauke.

Hili ndilo linaloua mayai mengi kuliko ugonjwa wowote, kwa hiyo sikumharakisha. Nilimpa chicha mkononi, ile iliyokamuliwa tui mpaka la mwisho, nikamwambia aifinye. Imeshikana kidogo, ukifungua kiganja inaachana, hakuna tone. Piti ya mayai iwe hivyo. Ikiwa na maji zaidi, hewa haipenyi, na yai la samaki huyu likikosa hewa husimamisha ukuaji wake. Linaweza kukaa miezi bila kusogea, au likaota ukungu mweupe likafa. Ikiwa kavu zaidi, yai linabonyea kama mpira ulioisha upepo, na hilo halirudi. Kisha nikamtafutia mayai kwa lenzi. Yai ni kama milimita 1, na lililo tayari lina macho mawili yenye mng'ao wa dhahabu. Yake yalikuwa mangavu tu, hayajafika. Maji aliyotia hayakuwa na cha kuangua. Tulitandaza piti yake juu ya magazeti kivulini, tukaondoa mayai meupe moja moja. Ataisubiri wiki 6 nyingine, pengine zaidi, kisha aangalie macho kabla ya kugusa maji. Saa nzima ilikwenda, lakini kikopo chake bado kina mayai mazima.

Mchana ukishapita, nakusanya ya kwangu. Kila tangi lina chombo cha lita 2 chenye kifuniko kilichotobolewa tundu la kupita samaki, ndani piti ya sentimita 3. Kifuniko huzuia dume asiitawanye. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo anamchosha jike mpaka anakonda. Jike aliyelishwa vizuri anaweza kutaga mayai 20 na zaidi kwa siku. Kila baada ya siku 7 namimina piti kwenye wavu laini, nakamua taratibu kwa kiganja (mayai ni magumu kuliko watu wanavyodhani) natandaza kwenye magazeti. Kaskazi ikivuma, saa 3 zinatosha. Wakati wa kusi, hewa ikiwa nzito, hata siku nzima. Si juani, si mbele ya feni: juu inakauka na ndani bado imelowa.

Kwingineko piti yenye mayai hufungwa kwenye mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu Agosti 2017, nami natumia vikopo vyenye vifuniko. Kikopo hakipumui kama mfuko, kwa hiyo nakijaza nusu tu na kukifungua dakika chache kila wiki.

Jua limetua na magoti yamekaza. Bado kupima vikopo kwenye mizani, vyote. Uzito wa siku ya kwanza umeandikwa kwenye kifuniko pamoja na aina na tarehe. Kikopo kilichopungua gramu 2 kinarudishiwa gramu 2 za maji kwa kinyunyizio, basi. Viwili leo vina macho ya dhahabu. Nimejaza mtungi wa udongo maji ya mvua na kuuacha upenuni upigwe na upepo, yapoe, maana maji ya tangi hapa huwa na uvuguvugu na mayai haya huamshwa na ubaridi wa mvua ya kwanza. Kabla ya alfajiri nitayamimina juu ya piti, kina cha sentimita 4, si zaidi, ili watoto waweze kufika juu kuvuta hewa.